Fundi wa Volti Mia Mbili Arobaini

Fundi hakupita mlango wa mbele wa nyumba ya mteja hata siku moja. Kila tulipofika aliegesha gari la vifaa barabarani, akaizunguka nyumba kwa upande, akafungua geti dogo la uani na kwenda moja kwa moja kwenye bwawa la kuogelea. Mwenye nyumba akimkaribisha ndani, alimshukuru kwa heshima na kusema viatu vyake vina tope, hata kama mvua haikunyesha kwa wiki mbili.

"Mgonjwa wangu yuko nyuma," aliniambia. "Sebuleni nikafanye nini?"

Kwa miaka saba nilimfuata kupitia mageti hayo ya pembeni. Kazi yetu ilikuwa kuunga umeme kwenye pampu za mabwawa ya majumbani, Minneapolis na Saint Paul na vitongoji vyake. Nikiwaeleza ndugu zangu Morogoro, wanashangaa kwamba nchi yenye theluji namna hii ina watu wenye mabwawa uani. Wapo. Mabwawa yanafunguliwa Mei, yanafunikwa mwishoni mwa Septemba, na kati ya hapo simu ya Fundi ilikuwa haitulii. Pampu ndiyo inayovuta maji, kuyapitisha kwenye chujio na kuyarudisha. Ikisimama siku tatu za Julai, bwawa linageuka kijani kama mlenda.

Nilipokutana naye nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na mgongo ulikuwa umeniisha kwa kuwageuza vitandani. Alikuja kurekebisha taa kwenye ukumbi ambamo Watanzania tulikuwa tunaandaa msiba. Nilimshikia ngazi. Nikamuuliza kama mwanamke wa miaka thelathini na nne anaweza kujifunza kazi ile.

"Unauogopa umeme?" akauliza.

"Nauogopa sana."

"Basi njoo Jumatatu. Asiyeogopa mimi simfundishi."

Wote tulimwita Fundi, Watanzania na Wakenya. Wakati huo alikuwa amekaribia sitini, mrefu, mwembamba, shati lake limechomekwa na kufungwa hadi kifungo cha juu hata kwenye joto la Agosti. Mimi aliniita Mama Neema, kwa jina la binti yangu, na kila asubuhi alisubiri shikamoo yangu kwanza ndipo awashe gari.

Watu walimtafuta zaidi kwa ajili ya swali moja: pampu iungwe kwenye volti mia na ishirini au mia mbili na arobaini? Nyumba za Marekani zina zote mbili. Soketi za ukutani ni mia na ishirini, na vyombo vikubwa kama jiko na mashine ya kukaushia nguo vinapewa mia mbili na arobaini. Mota nyingi za pampu zinakubali yoyote kati ya hizo, ilimradi fundi aziseti kabla ya kuwasha. Ukiiseti kwa ndogo ukaipa kubwa, inaungua kabla hujasimama wima. Ukiiseti kwa kubwa ukaipa ndogo, inanguruma na kupata joto kama mtu anayesukuma gari kwenye mchanga.

Hilo lilimchekesha Fundi. "Kwetu mia mbili na thelathini iko kila ukuta, mpaka chumbani kwa bibi," alisema. "Hapa ukiitaja watu wanarudi nyuma kama wameona nyoka."

Mwenye nyumba akianza kueleza anachotaka, Fundi alipiga magoti kwanza mbele ya mota, akafuta vumbi kwenye kibati chake na kukisoma. Baadaye, macho yalipoanza kupungua, alikipiga picha kwa simu na kuikuza. "Mgeni muulize anakula nini kabla hujampikia," alisema. Kisha alihesabu hatua kutoka kwenye pampu hadi kwenye boksi la umeme la nyumba. Alihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, na watoto wa wateja walimfuata nyuma wakirudia: moja, mbili, tatu.

Nakumbuka nyumba ya Mama Brian, nesi wa Kikenya aliyekuwa amenunua nyumba yenye bwawa kwenye kitongoji cha Crystal. Alitusubiri uani akiwa bado na nguo za kazini.

"Fundi, mimi nataka hiyo mia mbili na arobaini," alisema. "Yule jamaa wa dukani aliniambia nikiweka hiyo, bili itashuka nusu."

"Haitashuka, mama."

"Aje sasa? Si alisema current inapungua nusu?"

"Hapo alisema kweli. Mkondo unapungua nusu, lakini nguvu ya kusukuma inapanda mara mbili. Chukua debe la maji. Ukilibeba kwa mkono mmoja, au ukaligawa ndoo mbili mkono huu na huu, maji yatakayofika nyumbani si yaleyale? Kampuni ya umeme inakulipisha maji. Mikono haikulipishi."

Mama Brian akacheka, lakini hakufurahi. "Kwa hivyo nisiweke?"

"Weka. Pampu yako iko hatua arobaini na mbili kutoka kwenye boksi. Kwa mia na ishirini, waya mrefu hivi utapoteza umeme njiani, na mota itafika na njaa. Kwa mia mbili na arobaini, waya utapoa na mota itapumua. Ingekuwa pampu ndogo hapo karibu na ukuta, na waya upo tayari, ningekwambia acha kama ilivyo. Ukitaka bili ishuke, nunua pampu inayoweza kwenda polepole. Mwendo ndio unaokula umeme."

Tulikuwa tumeitwa kuunga tu. Angeweza kumwacha aamini alichoambiwa, tufanye kazi ileile, aridhike. Nilimwambia hivyo garini. Akaendesha hadi kwenye taa nyekundu.

"Mwezi ujao bili itakuja," alisema. "Atakuwa peke yake jikoni anaisoma. Unataka amkumbuke nani?"

Mtu huyo ambaye hakuweza kumwachia mteja uongo mdogo, kwa ndugu zake alikuwa mwongo mkubwa. Kila Jumapili alimpigia simu dada yake Tanga. Mara moja tulikuwa na kazi ya dharura Jumapili, nikamsikia. Tulikuwa wawili tu ndani ya gari, tumeegesha kando ya mto kule Savage, kitongoji cha kusini, tunakula mihogo niliyochemsha.

"Ndiyo dada, tuko wengi hapa," alisema. "Wamejaa hadi barazani. Wameleta vyakula, siwezi hata kuongea vizuri. Unasikia kelele? Basi nitakupigia wiki ijayo. Ndiyo, kijana yupo, anawahudumia wageni."

Kelele yenyewe ilikuwa matrekta ya kupakia mchanga ng'ambo ya barabara. Alikata simu, akaendelea kula. Mimi niliangalia dirishani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Dada yangu ana presha," alisema hatimaye.

Sikumuuliza kitu. Ndivyo tulivyokuwa. Nilijua anakaa ghorofa ya kumi na saba kwenye moja ya yale majengo marefu ya Cedar-Riverside, nilijua anapenda chai yenye pilipili manga, na nilijua mkewe alifariki kabla hatujafahamiana. Nilijua ana mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima, anayefanya kazi ya mionzi hospitalini na kukaa Savage na familia yake. Zaidi ya hapo sikujua. Tulikaa saa kumi kwa siku ndani ya gari moja, na maongezi yetu yalikuwa ya waya, hali ya hewa na Neema anaendeleaje shule. Kila Oktoba kazi za mabwawa zilipokwisha, alinipa mkono, akanitakia heri, na tukaonana tena theluji ilipoyeyuka, isipokuwa pale palipokuwa na taa ya mtu ya kurekebisha.

Katika kufundisha alikuwa mkali. Alinizuia kugusa waya wowote mpaka nimeupima kwa testa, kisha nipime testa yenyewe kwenye kitu ninachojua kina umeme, kisha niupime waya tena. Majina yaliyoandikwa kwenye breka, zile swichi za kukatia umeme ndani ya boksi, hakuyaamini. "Haya yameandikwa na mtu aliyekwisha hama," alisema. "Utamuuliza wapi?" Nilipokosea hakunifokea. Alifungua kila nilichofunga, akanirudishia bisibisi, akaenda kusimama mbali kidogo, mikono nyuma. Ilikuwa afadhali kufokewa.

Lakini nyumbani kwake, mara ya kwanza niliyompelekea chakula alipougua mafua, nilikuta hita, birika na televisheni vyote vimechomekwa kwenye waya mmoja wa kuongezea, mwembamba, uliopita chini ya zulia. Nilisimama nikauangalia.

"Usiniangalie hivyo," alisema kutoka kitandani. "Hapa anakaa mtu mmoja tu."

Sasa nieleze siku ya Savage.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Juni. Mteja alikuwa amenunua nyumba iliyokaa tupu muda mrefu, na pampu ya zamani ilikuwa inawaka lakini inavuja. Tulikuja na mpya. Boksi la umeme lilikuwa ndani ya gereji, pampu nyuma ya nyumba. Fundi aliingia gerejini, akazima breka iliyoandikwa bwawa, na pampu ikanyamaza. Akaniambia nifunge kufuli kwenye breka, kisha nimfuate. Yeye akatangulia.

Pampu ya mia mbili na arobaini inaletewa nyaya mbili zenye moto, na kila mmoja una breka yake. Breka hizo mbili zinapaswa kuunganishwa ili ukizima moja, ya pili izime nayo. Nilipokuwa nafunga kufuli niliona ile niliyoshika imesimama peke yake. Nikasogeza uso. Chini yake, kwa penseli iliyofifia, palikuwa na breka nyingine imeandikwa bwawa, na hiyo ilikuwa imewashwa. Aliyeunga zamani aliziacha mbalimbali. Mota ilikuwa imenyamaza kwa sababu imekosa waya mmoja. Ule wa pili ulikuwa bado una umeme.

Sikukumbuka hata kuizima. Nilikimbia. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye majani yaliyolowa maji ya pampu, kifuniko cha mota amekiweka pembeni, na mkono wake wa kulia ulikuwa unaingia ndani.

"Fundi! Mkono!"

Aliganda. Nilimfikia, nikamshika bega nikamvuta nyuma, akakaa chini kama mtoto. Nikatoa testa yangu, nikaigusisha kwenye waya mwekundu. Ikalia.

Testa yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Kichwa chake chekundu kilikuwa kinachungulia nje ya mfuko, pale ilipokaa miaka yote.

Nilirudi gerejini nikazima breka ya pili, nikafunga kufuli la pili, nikarudi. Alikuwa bado amekaa pale pale, suruali imelowa. Nilikaa karibu naye. Yeye alikuwa ametulia kabisa, na hilo lilinitisha.

"Samahani, Mama Neema," alisema. "Nilikuwa natafuta neno la Kiingereza."

"Neno gani, Fundi?"

"La kumwambia mtu umepotea. Umepotea sana siku hizi. Kila ninavyoligeuza linakuwa lawama. Kwetu ukimwambia mtu umepotea, unampa mkono huku unacheka. Kwa Kiingereza linakuwa kama umemshtaki." Alinyoosha kidole kuelekea kusini. "Kijana anakaa pale nyuma ya ile barabara kubwa. Dakika kumi. Nilikuwa nafikiri tukimaliza mapema nimpitie."

Tukakaa. Mwenye nyumba alikuwa kazini, na hapakuwa na mtu mwingine.

"Ningekufa hapa," aliuliza, "ungempigia nani?"

Sikuwa na namba ya kijana wake. Sikujua hata jina lake. Miaka saba nimekula na mtu huyu, na kama angeanguka pale, ningewapigia polisi, polisi wangeniuliza huyu ni nani na ndugu zake ni akina nani, na mimi ningesema tu, ni Fundi.

Aliniona ninavyohangaika. Akachukua kalamu nene tunayoandikia nyaya, akararua kipande cha boksi la pampu mpya, akaandika namba na jina. Akanipa. Kisha akatoa testa mfukoni, akanipa na hiyo.

"Unga wewe," alisema. "Mimi nitakaa hapa nikuangalie."

Nikasoma kibati cha mota, nikaiseti, nikaunga, nikapima mara tatu. Breka mbili nilizitoa nikaweka pacha inayozima kwa pamoja. Maji yalipoanza kuzunguka nilimwambia, "Twende kwa kijana basi. Ni dakika kumi."

Aliangalia suruali yake. "Nimelowa hivi? Siku nyingine."

Ningeweza kumlazimisha. Mara nyingi nimefikiri kwamba ningeligeuza gari tu, maana siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Lakini alikuwa Fundi, na mimi niliyezoea kumtii, nikashika barabara ya Minneapolis. Kabla ya kushuka kwenye jengo lake aliniambia hilo lilikuwa bwawa lake la mwisho. Alilisema kama anayenikumbusha kununua misumari.

Mimi mwenyewe nilimpigia kijana, Jumamosi iliyofuata. Nilimkuta mtu mwenye adabu, sauti ya baba yake kabisa. Nilipomweleza kilichotokea aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini baba yake hakumwambia. Alikuja kwa Fundi Jumapili. Mimi nilipika pilau nikaipeleka, nikitaka kuiacha niondoke, lakini Fundi alinishika mkono mlangoni.

"Kaa," alisema. "Tule."

Tulikula watatu. Fundi alizungumza Kiswahili, kijana alijibu Kiingereza. Aliuliza kazi inaendaje, kijana akajibu inaendelea vizuri. Aliuliza wajukuu, kijana akatoa simu akamwonyesha picha, na Fundi akazikuza kwa vidole kama alivyokuwa akikuza vibati vya mota. Aliposimulia jinsi mbwa wa mteja mmoja alivyoiba plaizi yake akaitumbukiza bwawani, kijana alicheka kabla yangu. Alielewa kila neno. Ni mdomo tu uliokuwa umefungwa.

Fundi akanigeukia mimi.

"Mwambie," alisema, "umepotea."

Kijana alikuwa amesikia, ameinamisha macho kwenye sahani. Nilitafuta, kama Fundi alivyotafuta pale kwenye majani. Mwishoni nikamwambia kwa Kiingereza kwamba baba yake anatamani sana kumwona.

Kijana aliniangalia. Akaniuliza kama ndivyo baba yake alivyosema kweli.

"Ndivyo," nikasema.

Fundi anakijua Kiingereza vizuri kuliko mimi. Hakunisahihisha. Alisimama akaenda dirishani, ambako reli inaonekana chini, akasema treni imechelewa leo, na kijana naye akasimama akaenda kuangalia treni. Walisimama hivyo mabega yakiwa karibu kugusana, mpaka treni ikapita.

Baada ya hapo kijana alikuja mara moja kwa mwezi, wakati mwingine na watoto. Ana zamu za hospitali, na barabara ni ndefu. Simlaumu. Mimi mwenyewe nilipata leseni, nikaanza kazi zangu, na miezi ikaanza kunipita. Nilimpigia Fundi nilipokwama, kisha nikaacha kukwama.

Novemba iliyopita nilikuwa na kazi karibu na chuo, nikapata nafasi ya saa moja kabla ya kwenda kwa mteja wa Crystal. Nikapita Cedar-Riverside bila kupiga simu. Niligonga mlango wa ghorofa ya kumi na saba, kimya. Jirani yake, mama wa Kisomali aliyekuwa anatoka na kikapu cha nguo, alinielekeza kwa kidole: chini. Kwenye mashine za kufulia.

Nilimkuta kwenye chumba cha kufulia, amekaa kwenye kiti cha plastiki, shati limefungwa hadi juu, mikono juu ya magoti. Mashine sita zilikuwa zinazunguka. Wanawake wawili walikuwa wanakunja mashuka wakiongea kwa sauti kubwa, na mtoto alikuwa amelala kwenye kigari. Yeye alikuwa anawasikiliza, ingawa Kisomali hakijui.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Neema! Umepotea!" Akanipa mkono huku anacheka.

Nikakaa. Aliniuliza habari za Neema, za mabwawa niliyofunga, nani ameweka mia mbili na arobaini na nani amekataa. Mwanamke mmoja alimaliza mashuka yake, akamwambia Fundi kwaheri, mpaka kesho. Kesho. Nikaangalia mashine iliyokuwa mbele yake. Kupitia kioo niliona nguo moja tu ikizunguka, shati jeupe.

"Unafua kila siku?"

"Kidogo kidogo," alisema. "Nguo zikijaa ni taabu."

Mashine ikaanza kupunguza mwendo, ikasimama. Alilitoa shati, akalikung'uta, akalikunja likiwa bichi kwa uangalifu mkubwa, akaliweka kwenye kikapu. Mwanamke wa pili naye alisukuma kigari akatoka. Tukabaki wawili.

"Najua una mteja," Fundi alisema. "Nenda, usimcheleweshe. Mimi bado nina soksi."

Niliangalia saa. Kisha nilivua koti langu la kazi, nikatoa funguo na vipimo mifukoni, nikalitia kwenye mashine aliyoiacha wazi. Fundi aliniangalia. Nje kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, na hilo ndilo koti pekee nililokuja nalo.

"Hilo litachukua muda," alisema. "Kulifua na kulikausha."

"Najua," nikasema. Nikampigia mteja wa Crystal kumwambia nitakuja kesho, kisha nikampa Fundi kopo la sabuni anipimie.